Jinsi ya kuchora gauni la Paris la 1911 kwa mstari na stensili: mwongozo kwa anayeanza

"Mbona mwanamke wangu anaonekana kama mwanasesere?" "Nitumie rangi gani ili ionekane ya zamani?" "Nimepaka vivuli vizuri kabisa, mbona haifanani na zile picha?" Maswali haya matatu hayaishi. Wengi wanaoyauliza ni wanafunzi wa ushonaji na ubunifu wa mavazi waliokutana na picha za mabibi wembamba wenye vilemba na manyoya ya mbuni, wakataka kuchora za kwao. Hatua zote ziko hapa, kuanzia karatasi tupu mpaka sahihi.

Swali la tatu nalijibu mapema, maana ukilielewa hilo nusu ya safari umeshaimaliza. Picha hizo hazina vivuli kwa sababu zilipakwa kwa stensili, yaani karatasi iliyokatwa tundu lenye umbo la eneo linalopakwa rangi. Mistari ilichapwa kwanza, kisha mafundi wakakaa mezani wakapaka rangi kwa mkono, stensili moja baada ya nyingine, na picha moja iliweza kupita kwenye stensili nyingi kabla haijakamilika. Kazi hiyo kwa Kifaransa inaitwa pochoir. Ukitafuta picha zenyewe kwenye tovuti za makumbusho, andika neno hilo pamoja na jina la mchoraji.

Majina ya kuanzia ni haya. Mwaka 1908 mbunifu wa mavazi Paul Poiret alimpa kazi mchoraji kijana, Paul Iribe, achore magauni yake, zikatoka picha 10 katika albamu ya nakala 250. Mwaka 1911 Poiret akampa mchoraji mwingine, Georges Lepape, albamu ya pili. Novemba 1912 Lucien Vogel akaanzisha jarida la Gazette du Bon Ton kwa makubaliano na nyumba saba za mavazi, yaani makampuni ya kubuni na kushona: Chéruit, Doeuillet, Doucet, Paquin, Poiret, Redfern na Worth. Vita vya Kwanza vya Dunia vililisimamisha, likarudi 1920, likafikia mwisho 1925. Humo ndimo utawakuta Lepape, George Barbier, Charles Martin na Pierre Brissaud. Tazama picha zao kwa muda mrefu kabla ya kushika penseli. Usinakili bado, tazama tu gauni linaanzia wapi na linaishia wapi.

Unachohitaji

- Karatasi nene ya rangi za maji, gramu 200 hadi 300, yenye weupe wa maziwa. Karatasi ya fotokopi itajikunja rangi ya kwanza tu ikiigusa.
- Karatasi ya tresingi, penseli za HB na 2H, raba laini, rula.
- Wino mweusi usioyeyuka kwa maji, pamoja na kalamu ya nibu. Au kalamu za kuchorea za 0.1 na 0.3 zenye wino wa namna hiyo.
- Rangi za gwashi, yaani rangi za maji nzito zinazofunika karatasi. Za lazima ni nyeupe, nyeusi, njano ya limau, nyekundu, buluu na kijani. Kwa mazoezi, rangi za chupa zinazotumika shuleni zinatosha.
- Brashi mbili za mviringo zenye nywele fupi na ngumu. Brashi ya kunyolea ndevu iliyopunguzwa nywele kwa mkasi inafanya kazi vizuri ajabu. Hata mafundi wa Paris walitumia brashi nene za mviringo zinazokaribiana na hiyo.
- Brashi moja nyembamba yenye ncha kali.
- Filamu tano au sita za eksirei zilizokwisha kazi, au karatasi za manila zilizopakwa vanishi pande zote mbili zikakauka.
- Kisu chembamba cha kukatia chenye wembe wa kubadilisha, na kioo au mkeka wa kukatia chini.
- Maskintepu, vitambaa viwili na sahani nyeupe.

Kuhusu eksirei: filamu ni imara, haiingii maji na unaiosha ukaitumia tena na tena. Ili uone mchoro ulio chini yake, iloweke kwenye dawa ya kung'arishia nguo, mfano Jik, iliyochanganywa na maji, mpaka weusi ulainike, kisha futa kwa sponji na suuza. Vaa glavu, fanya kazi nje penye hewa, na usichanganye dawa hiyo na sabuni ya choo wala siki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Tumia filamu za kwako au za ndugu aliyekupa mwenyewe, na ukate jina la mgonjwa kwenye kona.

Hatua ya 1: Chagua mwaka

Fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote. "Zamani" siyo mwaka. Kati ya 1900 na 1925 umbo la mwanamke wa Paris lilibadilika mara kadhaa, na kiuno kilisafiri kutoka mahali pake kikapanda chini ya matiti, kikarudi, halafu kikashuka mpaka nyonga. Usipojua kiuno kiko wapi, utachora gauni la mwaka ambao haukuwahi kuwepo.

Mwaka 1900 hadi 1907 hivi, koseti, yaani vazi la ndani la kubana kiuno, ilisukuma kifua mbele na makalio nyuma. Kola ilipanda mpaka chini ya masikio, sketi ikabana nyonga na kufunguka karibu na sakafu. Enzi hiyo inataka kalamu na wino, kama alivyofanya Mmarekani Charles Dana Gibson na wasichana wake maarufu. Lesi na marinda madogo madogo havikatiki kwa stensili, kwa hiyo usianzie hapo.

1908 hadi 1910 kiuno kiko juu, chini kidogo ya matiti, na gauni linashuka karibu moja kwa moja. Huu ni mwanzo mzuri kwa mtu mwenye haraka.

Kuanzia 1910 mpaka kabla ya vita, sketi inabana miguuni kiasi kwamba mvaaji anapiga hatua fupi fupi. Juu yake huvaliwa kanzu fupi inayofika gotini, na kufikia 1913 pindo la kanzu hiyo wakati mwingine linatiwa waya ili lisimame mbali na mwili. Kichwani kilemba. Rangi zinawaka, kwa sababu kundi la dansi la Warusi lilikuwa limeleta Paris mavazi na mapazia ya jukwaani yaliyobuniwa na msanii Léon Bakst, na watu wakachoka na rangi za uji. Poiret mwenyewe aliwaalika wageni Juni 1911 kwenye karamu ambayo kila mtu alitakiwa kuja na mavazi ya Kiajemi, na wasiotii wakabadilishwa nguo mlangoni.

1915 na 1916 sketi zinatanuka na pindo linapanda juu ya kifundo cha mguu. Baada ya vita kiuno kinaanza kushuka, na 1923 hadi 1925 kiko nyongani, mwili umenyooka, nywele zimekatwa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Pindo la 1925 linakaribia goti.

Mimi nashauri uanze na gauni la jioni la 1911, na hilo ndilo tutakalochora hapa: kanzu fupi ya kijani, sketi nyembamba ya njano ya limau, kilemba cha zambarau chenye unyoya mmoja, na shali ya rangi ya chungwa.

*Kosa la kawaida:* kumvika mwanamke wa 1911 kofia ya 1925. Ukikuta picha isiyo na tarehe mtandaoni, angalia kiuno na pindo kwanza. Kofia ni rahisi kukudanganya.

Hatua ya 2: Gawa ukurasa

Chora fremu ya sentimita 25 kwa 19. Kurasa za Gazette zilikaribia ukubwa huo. Mwanamke wako atakuwa na urefu wa sentimita 18. Kichwa kipe sentimita 2, ili mwili wote uwe vichwa 9. Mtu wa kawaida ana vichwa 7 na nusu, na hapo ndipo swali la mwanasesere linapojibiwa: wengi wanachora kichwa kikubwa kwa sababu wanapenda kuchora uso. Kichwa kikizidi tu sentimita 2 na nusu, umbile lote linageuka la mtoto.

Usimsimamishe katikati. Msogeze kulia au kushoto, uache upande mmoja wazi. Weka kitu kimoja cha kuonyesha mahali: kiti, pazia, dirisha, mti kwenye chungu. Kimoja. Iribe alikuwa na ujanja ambao haujazeeka: vyombo vya nyuma alivichora kwa mistari bila rangi kali, rangi akawaachia magauni. Jicho linajua mara moja liende wapi.

Hatua ya 3: Simamisha mwili

Kwa penseli ya 2H, ukigusa karatasi kidogo tu, chora mstari wima kutoka shimo la shingo mpaka sakafuni. Mguu unaobeba uzito lazima uguse mstari huo au uwe karibu nao sana. Bila hivyo mwanamke ataonekana anaanguka, hata ukimvika vizuri namna gani.

Kwa 1911, nyonga zisogee mbele kidogo na mabega yabaki nyuma, kama mtu anayeegemea hewa. Shingo ndefu, mabega yanateremka, miguu midogo yenye ncha. Kwa miaka ya 1900 hadi 1907 ni kinyume, kifua kinatangulia. Usichore misuli wala mbavu, hakuna atakayeziona.

Hatua ya 4: Mvike gauni kabla ya uso

Kama unashona, hapa una faida kubwa kuliko mtu aliyesomea uchoraji tu. Jiulize gauni linaning'inia kutoka wapi. Kwa kanzu yetu ni sehemu mbili: mabega, na mshipi ulio chini ya matiti. Weka nukta kwenye sehemu hizo. Kila mkunjo utakaouchora lazima uanzie kwenye nukta mojawapo, au mahali ambapo mwili unakisukuma kitambaa: goti lililosogea mbele, kiwiko kilichokunjwa, nyonga. Mkunjo unaoanzia popote tu unaonekana kama ufa kwenye ukuta.

Sasa chora umbo la nje tu, bila mikunjo. Kanzu inatoka mabegani, inabanwa chini ya matiti, inafunguka taratibu mpaka gotini. Sketi inatokea chini yake na kwenda ikipungua mpaka kifundo cha mguu. Simama mbali na meza, utazame. Je, mtu asiyejua lolote angejua kwamba hili ni gauni, kwa umbo la nje peke yake? Kama jibu ni hapana, futa urudie, kwa kuwa huko mbele hakuna kivuli cha kukuokoa. Ukipaka rangi bapa juu ya umbo baya, ubaya unaonekana zaidi.

Umbo likikubali, ongeza mikunjo. Mitatu kwenye kanzu, miwili kwenye sketi, basi. Hariri nyepesi inataka mistari mirefu, myembamba, inayokaribia kunyooka. Mahameli ni mazito, mikunjo yake ni michache na inapinda kwa upole. Shifoni unaionyesha kwa pindo linaloyumba. Mstari wa mkunjo usiufikishe mwisho. Uache upotee kabla haujafika pindoni. Lepape anaacha gauni zima na mistari minne au mitano, na bado unahisi uzito wa kitambaa.

Shali ndiyo nafasi yako ya kucheza. Ipitishe mgongoni, ishike kwenye viwiko, iache ncha moja iguse sakafu. Ncha hiyo inasaidia pia kuujaza ule upande ulioachwa wazi.

*Kosa la kawaida:* kuchora marinda yote kwa sababu unajua yapo. Unajua pia kwamba kuna mishono, vifungo na bitana. Achana navyo.

Hatua ya 5: Uso na mikono

Uso uwe wa upande, au umeinama. Jicho ni mstari mmoja wa kope, nyusi ni mstari mwembamba, mdomo ni mdogo na mwekundu. Ukitumia zaidi ya dakika chache usoni, utaanza kuchora mtu badala ya gauni.

Mikono ikikushinda, ifiche kwa heshima: mmoja chini ya shali, mwingine ushike upepeo. Wachoraji wa enzi hiyo walipenda sana glavu ndefu na vifuko vya manyoya vya kuingizia mikono, na sidhani ilikuwa kwa sababu ya baridi peke yake.

Hatua ya 6: Hamisha mchoro na uweke wino

Nakili mchoro wako kwenye tresingi. Geuza, paka penseli ya HB nyuma ya mistari, geuza tena juu ya karatasi nene, ibane kwa maskintepu na pitisha penseli ngumu. Utapata mistari hafifu.

Weka wino kwenye uso, mikono, miguu, kiti na sakafu, kwa kalamu ya 0.1. Gauni usilitie wino bado. Gwashi inafunika, na ukichora mistari ya gauni sasa utaizika mwenyewe baadaye. Mipaka ya gauni mingi haihitaji mstari hata kidogo. Pale rangi inapokomea ndipo gauni linapokomea.

Subiri wino ukauke kabisa, angalau nusu saa, kabla ya kufuta penseli.

Hatua ya 7: Gawa rangi

Chukua tresingi ya pili. Andika namba katika kila eneo: 1 sketi ya njano, 2 kanzu ya kijani, 3 shali ya chungwa, 4 kilemba cha zambarau, 5 nyeusi. Kila namba ni stensili moja. Rangi tano zinatosha, na ukiona unahitaji ya saba, huenda mchoro ndio wenye tatizo. Kwa kawaida utapaka kutoka nyepesi kwenda nzito, kwa sababu nzito inafunika makosa ya nyepesi.

Mahali rangi mbili zinapokutana, ipe ile nyepesi nusu milimita ya ziada iingie chini ya nzito. Usipofanya hivyo utapata mstari mweupe katikati ya kijani na njano.

Kuhusu ngozi. Katika picha nyingi za asili ngozi ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, labda na doa la wekundu shavuni. Ukimchora mwanamke mweusi, na hakuna sababu ya kutofanya hivyo, ngozi inakuwa stensili inayojitegemea na inapakwa kabla ya zote, maana inagusana na kila kitu: kilemba, kanzu, shali. Hapo wino wa uso uweke baada ya rangi ya ngozi kukauka. Na uchague rangi za nguo ukiwa umeshaiona hiyo ngozi kwenye karatasi. Njano ya limau karibu na kahawia nzito inang'aa kuliko inavyong'aa karibu na karatasi tupu, kwa hiyo ipunguze kidogo.

Hatua ya 8: Kata stensili

Kabla ya kukata, weka alama za msalaba nje ya fremu, pembe mbili zinazotazamana. Alama hizo hizo zichore kwenye kila filamu. Ndizo zitakazohakikisha stensili ya pili inakaa mahali pake.

Weka tresingi juu ya kioo, filamu juu yake, bana vyote. Kata eneo la namba 1 pekee. Wembe usimame wima; ukiulaza, ukingo unakuwa mteremko na rangi inapenya chini. Kwenye mpindo, geuza filamu kwa mkono wa kushoto huku mkono wenye kisu ukibaki pale pale. Ukiufuata mpindo kwa kisu, utapata pembe pembe. Kata kuelekea upande usio na vidole, na badilisha wembe mara tu unapoanza kulazimisha.

Pakiwa na kisiwa katikati, mfano mkono unaopita mbele ya kanzu, ukikata kuzunguka kisiwa chote kitadondoka. Acha daraja la milimita 2 linalokishikilia. Ukishapaka, pengo la daraja unaliziba kwa brashi nyembamba.

Hatua ya 9: Paka

Changanya rangi iwe na uzito wa mtindi uliopigwa. Tengeneza ya kutosha eneo zima na ubakize, maana kuirudia rangi ile ile mara ya pili ni bahati. Jaribu kwenye kipande cha karatasi, usubiri kikauke: gwashi nyepesi huwa nzito kidogo ikikauka, na nzito huwa nyepesi.

Bana stensili juu ya karatasi kwa kufuata misalaba. Chovya brashi, kisha ifute kwenye kitambaa mpaka uhisi karibu imeisha rangi. Shika brashi wima. Anzia juu ya filamu, pembeni mwa tundu, ukigonga kidogo kidogo kuelekea katikati. Usisugue, na usisukume rangi kutoka ndani kwenda ukingoni. Matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja nene.

Inua stensili moja kwa moja juu, bila kuiburuta. Ifute papo hapo, pande zote mbili, na subiri karatasi ikauke kabla ya stensili inayofuata. Kausha kwa hewa ya kawaida. Juani karatasi itajipinda.

Kuna ziada moja. Mafundi wa Paris waliweza kuipunguza rangi taratibu ndani ya stensili, kijani nzito pindoni ikipotea kuelekea kiunoni. Ukitaka kujaribu, tumia sponji karibu kavu, kwenye nguo moja tu. Kwenye nguo zote utakuwa umerudi kwenye vivuli.

Hatua ya 10: Malizia

Sasa ndipo mikunjo ya gauni inapokuja, kwa brashi nyembamba na rangi nzito ya jamii ile ile: kijani kilichokolea juu ya kijani, haradali juu ya njano. Kisha nyeusi: mistari ya uso, nywele zinazochungulia chini ya kilemba, viatu. Dhahabu na fedha zilitumika katika picha za asili, kwa hiyo nukta chache za dhahabu kwenye mshipi hazitakuwa uongo.

Ukitaka nguo yenye maua, yapake bapa, bila kufuata mikunjo. Barbier aliyaacha mapambo yake yakae kwenye gauni kama karatasi iliyokatwa, na ni zuri hivyo. Wanaoniuliza kama wanaweza kutumia kitenge au kanga: mnaweza, na kanuni hiyo hiyo inasaidia sana, kwa sababu pindo na mji wa kanga vinabaki vinasomeka. Ila chini ya picha andika mwaka wako, siyo 1911.

Chini ya fremu weka jina la picha na maelezo ya vazi. Picha za asili zilikuwa na vichwa vya utani mwepesi kuhusu kinachotokea, kisha mstari wa kutaja vazi na nyumba iliyolishona: gauni la jioni, koti la safari. Andika kwa Kiswahili, kwa herufi za mkono zilizopangwa kwa rula. Sahihi yako iwe ndogo, ndani ya mraba, kwa namna ya mihuri ya picha za Kijapani ambazo wachoraji hao walizipenda.

Mambo yakiharibika

*Rangi imevuja chini ya stensili.* Brashi ilikuwa na maji mengi, au ukingo wa filamu umepinda. Usifute ikiwa mbichi. Ikikauka, funika kwa gwashi nyeupe iliyotiwa tone la njano ilingane na karatasi.

*Karatasi imejikunja.* Iache ikauke, ilaze kifudifudi kati ya karatasi safi mbili, iwekee vitabu vizito usiku kucha. Safari nyingine bana kingo zote nne kwa maskintepu kabla ya kuanza.

*Rangi ina mabaka.* Ulipaka tabaka la pili la kwanza likiwa bichi, au brashi ilisugua badala ya kugonga. Tabaka moja zaidi, jembamba na lenye rangi nzito kidogo, huwa linatosha.

*Rangi ya juu inachanganyika na ya chini.* Gwashi huyeyuka tena ikiguswa na maji. Punguza maji kwenye brashi, gonga mara chache, usirudie mahali pamoja.

*Wino umesambaa.* Wino huo unayeyuka kwa maji. Hakuna dawa. Kabla ya kuanza picha nyingine, chora mstari kwenye kipande cha karatasi, uache ukauke, upitishie brashi yenye maji.

*Stensili zimehama, kuna mwanya mweupe.* Mwanya ukiwa mwembamba, uache. Picha za asili nazo zinao ukizitazama kwa karibu, na ndiyo dalili ya mkono. Ukiwa mpana, ziba kwa brashi nyembamba ukitumia ile rangi nzito kati ya mbili.

*Kila kitu kiko sahihi lakini picha inaonekana ya leo.* Angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu: mabega (yakiwa mapana na yamenyooka, ni ya leo), kope na midomo (zikiwa nene, ni za leo), na viatu. Kiatu chenye kisigino kirefu chembamba kinaiharibu 1911 kuliko kosa lolote la rangi. Kifute, weka kiatu laini chenye ncha na kisigino kifupi kilichopinda.

*Gauni zuri, lakini linaelea hewani.* Hujachora sakafu. Mstari mmoja mlalo nyuma ya visigino, au vigae vichache vyeusi na vyeupe chini ya miguu.